Barua za Daktari Aliyefariki: Mwenye Karatasi, Mwenye Maneno na Mwenye Siri

Picha tatu tu zilitosha kuzua mabishano. Mjukuu wa daktari mmoja aliyeheshimika sana hapa Bagamoyo, ambaye sitamtaja jina, alifungua sanduku la bati la marehemu babu yake, akazipiga picha barua tatu zilizomvutia na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwa nia njema ya kumkumbuka mzee. Ya kwanza ilikuwa pongezi kutoka kwa mwalimu wake wa chuo. Ya pili aliiandika yeye mwenyewe kwa mkewe alipokuwa masomoni ng'ambo. Ya tatu ilitoka kwa daktari mwenzake wa wilaya nyingine, aliyekuwa akimwomba ushauri kuhusu mgonjwa aliyemshinda. Jina la mgonjwa halikuandikwa. Ziliandikwa herufi mbili, umri, kazi yake na kijiji alikotoka. Kabla ya sala ya isha watu wazima watatu katika kundi lile walikuwa wamekwisha kumtambua, na mmoja wao akamtaja.

Kuanzia hapo maneno yakawa mengi. Wapo waliosema barua ni za familia, kwa hiyo familia ina ruhusa ya kuzifanya itakavyo. Wapo waliosema daktari mashuhuri ni mtu wa umma, na barua zake ni za umma. Wengine waliuliza ni siri gani tena inayolindwa ilhali mgonjwa mwenyewe amefariki siku nyingi, na mzee mmoja, kwa uchungu, alishauri sanduku zima lichomwe moto ili fitina iishe. Familia iliniomba nisaidie kulipanga sanduku hilo kwa sababu nilifanya kazi ya masjala ya hospitali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Katika siku nne nilizokaa nao nimeona kwamba tunabishana juu ya mambo matatu tofauti huku tukidhani ni jambo moja.

Tuanze na maana. Barua binafsi ni ile ambayo mtu huiandika kwa nafsi yake, kwa mke, mzazi au rafiki, bila kuwakilisha ofisi yoyote. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka sura yake: salamu ndefu, kisha hali ya mwandishi, kisha "hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu", na dhumuni lenyewe huja karatasi imekwisha kufika nusu. Barua ya kikazi ni ile anayoiandika mtu kwa cheo chake. Hiyo ina kumbukumbu namba, ina tarehe, ina "YAH:" iliyopigiwa mstari, na chini ina sahihi, jina na cheo, mara nyingi pamoja na muhuri. Barua ya rufaa anayopewa mgonjwa kwenda hospitali kubwa ni ya aina hii, na barua ya daktari kwa daktari mwenzake kuhusu matibabu ni ya aina hii pia, hata kama wameanza kwa kutaniana.

Mgawanyo huo unaonekana mwepesi mpaka uishike karatasi yenyewe. Ile barua ya tatu, iliyoleta balaa, ni karatasi nyembamba iliyopigwa chapa kwa taipureta ambayo herufi yake ya "e" ilikuwa imeziba kwa wino. Upande wa mbele kuna maelezo ya mgonjwa. Upande wa nyuma, kwa mwandiko wa marehemu, kuna rasimu ya jibu alilokuwa akilitayarisha: vipimo viwili alivyotaka virudiwe, dawa aliyotaka isimamishwe, na alama ya kuuliza aliyoizungushia duara. Chini yake, kwa kalamu ileile, kuna orodha ya sokoni: mchele kilo nne, iliki, na kitambaa cha Idi cha mama watoto. Kwa hiyo mstari unaotenganisha mambo ya mtu na mambo ya kazi yake si lazima upite kati ya barua na barua. Unaweza kupita katikati ya karatasi moja, na anayepanga barua za daktari kwa kutazama kichwa cha barua peke yake atakosea.

Kuna jambo jingine ambalo familia ililigundua kwa mshangao. Sanduku la barua za daktari, kwa sehemu kubwa, halina barua za daktari. Lina barua alizoandikiwa. Zile alizoandika yeye zilikwenda kwa watu wengine, nazo leo ziko katika masanduku ya watu hao, au katika majalada ya ofisi, au zimeliwa na mchwa. Zilizobaki kwake ni nakala za kaboni, rasimu, na chache zilizorudi, kama hiyo ya mkewe. Anayesoma sanduku la namna hii yuko katika hali ya abiria wa daladala anayemsikia jirani yake akizungumza kwenye simu: anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na upande wa pili anaukisia.

Sasa tuje kwenye swali la umiliki. Ukinunua doti ya kanga dukani, kitambaa ni chako. Utakivaa, utakigawa, utakifanya mbeleko, na hakuna atakayekuhoji. Lakini ile nakshi na lile jina lililoandikwa juu yake hukuvinunua kwa maana ya kuwa navyo peke yako. Huwezi kuvipeleka kiwandani ukachapisha doti elfu moja na kuziuza. Barua ni hivyohivyo. Karatasi ni mali ya aliyepelekewa, na baada yake ni ya warithi wake. Maneno ni ya aliyeandika, na baada yake ni ya warithi wa huyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi ya mtu katika maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na haisemi kwamba lazima maandishi hayo yawe kitabu. Kwa hiyo familia ya daktari wetu ina karatasi ya ile barua ya pongezi, lakini ruhusa ya kuichapisha gazetini au kitabuni inatoka kwa watu wa yule mwalimu. Kwa barua ya mkewe mambo yamekaa kinyume: karatasi ni ya mjane aliyepelekewa, na maneno ni ya marehemu, yaani sasa ni ya warithi wake wote kwa pamoja, mjane akiwa mmoja wao. Mjukuu hakuwa na mamlaka ya peke yake hata kwa barua hiyo, ingawa yeye ndiye aliyelishika sanduku.

Barua zilizoandikwa au kupokelewa kwa shughuli za hospitali ya serikali zina hukumu yake. Hizo ni kumbukumbu za umma, na zinaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Daktari anayestaafu na jalada chini ya kwapa hawi mwenye jalada hilo kwa sababu tu limekaa kwake miaka ishirini. Tuliyakuta majalada mawili ya namna hiyo sandukuni. Mahali pake ni masjala yalikotoka, na yakikomaa huenda katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako kanuni ya jumla ni kwamba nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Hapa ndipo wanapokosea wale wanaosema barua za daktari mashuhuri ni za umma. Kinachoifanya barua iwe ya umma ni kazi iliyoandikiwa. Umaarufu wa mwandishi hauongezi wala haupunguzi kitu.

Hayo yote ni ya karatasi na maneno. La tatu ndilo zito, nalo ni siri ya mgonjwa. Siri hiyo haikuwa mali ya daktari hata siku moja. Katika mji wetu kila mtu anaelewa amana ni nini: ukimwekea jirani fedha zako naye akafariki, watoto wake hawazirithi fedha zile. Wanachorithi ni wajibu wa kuzitunza mpaka zimfikie mwenyewe au watu wake. Daktari husikia habari ya maradhi, ya ndoa, ya mimba, ya pombe na ya hofu za watu kwa sababu tu wanahitaji kutibiwa, na kila anachosikia kinaingia katika hesabu hiyo. Watoto na wajukuu wake wamerithi sanduku. Siri zilizomo wamezikuta zimewekwa amana.

Je, mgonjwa akifa siri inakwisha? Wengi tunaamini hivyo, lakini madaktari wenyewe wamekwisha kulijibu swali hilo kinyume. Kiapo cha Geneva, kilichopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948, kilimtaka daktari aheshimu siri alizokabidhiwa, na mwaka 1968 kikaongezwa maneno ya kusema kwamba wajibu huo unaendelea hata baada ya mgonjwa kufariki. Sababu yake si ngumu kuiona. Aliyekufa ana watoto, ana wajukuu, ana mjane, na ugonjwa uliotajwa katika barua unaweza kuwa wa kurithi, au wa aibu machoni pa watu, au wa kumvunjia binti posa. Kwa walio hai, Katiba yetu katika Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Picha moja ya simu inaweza kuyagusa yote hayo kwa mara moja.

Watu hudhani dawa ya tatizo hili ni kufuta jina. Kwenye jiji kubwa pengine husaidia kidogo. Hapa petu, ukiandika "mwalimu wa kike, umri wa miaka 34, mwenye mapacha", ukataja na kijiji, umekwisha kumchora mtu mzima bila kutumia jina. Yule daktari wa wilaya nyingine alikuwa mwangalifu kwa kipimo cha wakati wake: aliandika herufi mbili tu, kwa barua iliyokusudiwa kusomwa na mtu mmoja. Hakuwaza kwamba ingesomwa na watu mia mbili waliokulia vijiji vya jirani. Anayetaka kuchapisha barua ya aina hii hana budi ajiulize nani ataisoma na anajua nini tayari, kisha aondoe kazi, kijiji, mwaka au hata habari nzima, mpaka mtu wa karibu kabisa naye asitambue.

Sasa nataka kuonyesha kwamba sisemi barua za madaktari zifichwe milele, na mfano wake uko hapahapa mjini. David Livingstone tunamjua kama mmisionari na msafiri. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa daktari, aliyefuzu Glasgow mwaka 1840, na kwamba mwaka 1858 barua yake kuhusu kutumia aseniki kwa mnyama aliyeumwa na mbung'o ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza. Wageni huambiwa mara nyingi kwamba aliishi Bagamoyo. Safari yake ya mwisho aliianzia kusini, Mikindani, mwaka 1866, na alipofikishwa hapa Februari 1874 alikuwa maiti, amebebwa na watu wake zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, akalazwa kanisani misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Jambo ambalo hatulisemi vya kutosha ni kwamba watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walileta pia makaratasi yake. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamisionari kule Nasik, India, aliandika orodha ya vitu vya marehemu, na ndiye pia aliyeandika barua iliyoutangulia msafara kuwaarifu Waingereza waliokuwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, kwamba daktari amekufa. Wengi wa wachukuzi wale hawakuweza kusoma walichobeba, na hakuna aliyewalipa kwa kila ukurasa. Sijui mfano bora zaidi wa watu kutunza amana ya maandishi.

Barua hizo zinafundisha pia hatari ya kusikia upande mmoja. Novemba 1870 mfuko wa barua za Livingstone ulitumwa kutoka Zanzibar. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alipokuja Bagamoyo mwanzoni mwa 1871 alilalamika kwamba wachukuzi wa mfuko ule walikuwa bado wapo mjini. Baadaye aliukuta Unyanyembe, akaufikisha Ujiji mwaka mmoja baada ya kutumwa. Livingstone alimlaumu vikali John Kirk, daktari mwenzake aliyekuwa katika ubalozi wa Uingereza Zanzibar. Anayesoma barua za Livingstone peke yake atamwona Kirk kuwa mzembe tu. Lakini mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Zanzibar na pwani, na anayeipima shutuma ile bila kukiweka kipindupindu hicho kwenye mizani anamhukumu mtu ambaye hajamsikiliza.

Ipo barua moja ya Livingstone ambayo huirudia kila ninapofikiria suala hili. Februari 1871, akiwa Bambarre katika nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, mgonjwa na karatasi zimemwishia, alimwandikia rafiki yake Horace Waller juu ya kurasa za chapa, kwa wino hafifu, akamwambia kwamba amechoka vibaya na kwamba hayo ni kwa macho yake Waller peke yake. Katika miezi hiyo aliandika pia shajara juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mzingifuri. Kwa muda mrefu maandishi hayo yalikuwa hayasomeki. Wataalamu waliyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, kwa namna ambayo mwenye duka huinua noti ya elfu kumi kuelekea dirishani ili aone kilichojificha ndani, na mwaka 2010 barua ile ikasomeka, ikafuatwa mwaka 2011 na shajara. Kwa hiyo maneno yaliyokuwa ya macho ya mtu mmoja leo yanasomwa na yeyote mwenye simu.

Je, ni kosa? Kwa maoni yangu hapana, na tofauti yake na picha za mjukuu wetu inaonekana wazi. Ilikuwa imepita miaka karibu 140. Siri iliyofichuka ilikuwa ya mwandishi mwenyewe kuhusu afya na majonzi yake, wala haikuwa ya mgonjwa aliyemwamini. Na waliofanya kazi ile waliweka maelezo ya barua iliandikwa lini, wapi na kwa nani. Kazi hiyo pia imetupunguzia imani kwamba mwandiko wa mtu ni ukweli wote. Livingstone alipoihamisha shajara yake katika daftari safi, alibadilisha baadhi ya mambo kuhusu mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe Julai 1871, na Waller, alipochapisha maandishi ya rafiki yake mwaka 1874, naye alichagua cha kutoa na cha kuacha. Mtu anaweza kuandika matoleo matatu ya siku moja, kila moja kwa msomaji wake.

Kwa wale wanaoshauri moto, niwakumbushe malaria, ambayo hakuna nyumba ya Pwani isiyoijua. Kuanzia mwaka 1895 daktari Ronald Ross, akiwa India, alimwandikia mwalimu wake Patrick Manson wa London barua nyingi kuhusu mbu. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, aliona vimelea katika tumbo la mbu aliyemuuma mgonjwa wa malaria, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Kitabu cha shule hueleza ushindi huo kwa mistari miwili. Barua zao huonyesha njia ilivyokuwa: Manson alikuwa akifikiri kwamba watu huambukizwa kwa kunywa maji ambamo mbu wamefia, na mwanafunzi wake alipoteza muda mwingi kabla ya kuona kwamba mbu huambukiza kwa kuuma. Makosa ya namna hiyo huandikwa kwenye barua tu. Ile alama ya kuuliza aliyoizungushia duara daktari wetu ni ya aina hiyohiyo, nayo ingekuwa jivu.

Tulichofanya na sanduku ni hiki. Tulitandika mkeka barazani, mbali na upepo wa bahari wenye chumvi, tukaziacha barua katika mpangilio ule ule aliouacha mzee kwa sababu mpangilio nao unasema kitu. Tulitoa pini na vibanio vilivyoshika kutu, tukakataa selotepu, tukakataa kuzifunga kwenye mifuko ya nailoni ambayo hutunza unyevu mpaka karatasi ikaota ukungu, tukaandika kwa penseli tu. Majalada mawili yamerudishwa yalikotoka. Barua ya pongezi imewekwa kando mpaka watu wa yule mwalimu wapatikane. Mjukuu alikwenda mwenyewe, akiwa na mjomba wake, kuomba radhi kwa familia ya yule mgonjwa. Walipokelewa, ingawa hawakukaa sana.

Barua ya tatu imetiwa katika bahasha peke yake, na juu yake imeandikwa mwaka ambao inaweza kufunguliwa, mwaka ambao hakuna hata mmoja wetu pale barazani atakayeuona. Kabla hatujaifunga, mjane alituomba tumsomee upande wa nyuma, ile sehemu ya chini tu, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Nikamsomea mchele, iliki na kitambaa cha Idi. "Kilikuwa cha kijani," akasema, kisha akatupa ruhusa tuifunge.